Ukuta Wako, Nailoni Yangu

Mkataba wa Mzee Mwaisumo una mistari minne,
mitatu inaanza na neno *marufuku*:
misumari, rangi, wageni wa kulala.
Wa nne ni kodi, miezi sita kwa mkupuo.
Nilisaini juu ya goti, jikoni humohumo,
Isanga, mwezi wa sita,
Loleza imejivuta blanketi la ukungu hadi kidevuni
nami nimevaa masweta matatu, kitunguu kizima.

Jiko lenyewe: hatua tatu kwenda, mbili na nusu kurudi.
Masizi ya walionitangulia yameshuka kutoka darini
yakaishia usawa wa kiuno, yakachoka.
Dirisha, bahasha.
Sakafu imechubuka magoti.
Hapo ndipo ningechemsha chai kila alfajiri
kabla ya kukimbilia zamu wodini.
Nguo ya kuazima, wamesema, haisitiri.
Na ukuta wa kupanga?

Nikaanza na sabuni ya mche na jivu.
Maji ya kwanza meusi. Ya pili meusi.
Ya saba yakafanana na chai ya rangi,
na karibu na swichi ukachomoza mwandiko wa penseli:
*maziwa — J3 mbili, J4 moja, J5 hakuna.*
Kitambaa kilikuwa mkononi, kinachuruzika.
Nikakizungusha pembeni.
Sikumjua huyo aliyekosa maziwa Jumatano,
lakini Jumatano yake nikamwachia.

Jumamosi, Mwanjelwa.
Nailoni ya michoro ya vigae, buluu na nyeupe,
mita elfu tatu na mia tano.
Anyosisye muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba hapunguzi,
akapunguza.
Kreti mbili za soda zisizo na soda.
Matofali sita kwa jirani ambaye kila mwaka anapaua mwakani.
Nyumbani nilikuwa na kipande cha kitenge,
sare ya msiba wa shangazi Tumwitike, kilichobaki kwa fundi;
kikawa pazia la chini ya karo, kuficha ndoo na mkaa.
Shangazi asingenuna. Alichukia ndoo zinazoonekana.
Na kioo chenye ufa nikapewa bure,
maana watu wanakiogopa.

Nailoni niliitundika kwa kamba ya katani,
kutoka nondo ya dirisha hadi msumari mmoja wa kale
ambao mkataba haukuwa na habari zake.
Kioo nikakiegemeza juu ya kreti, kikitazama dirisha,
mlima ukaingia jikoni, vipande viwili,
ukakaa kati ya chumvi na majani ya chai.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi, kama yuko kanisani.
"Sasa hii imekuwa nyumba," akasema.
Kisha, polepole, "Elfu themanini haifanani nayo tena."

Sikubishana.
Nilivuta fundo, mara moja.
Nailoni ikaanguka miguuni petu
na ukuta ukabaki uchi: ukungu, nyufa, ramani za mvua zote.
"Wako ni huu, mzee. Huu ndio wa elfu themanini.
Ule mwingine unakunjika, unaingia kwenye begi."

Hakunijibu. Alikuwa amevaa miwani,
pua karibu na swichi.
Akasoma kwa midomo, bila sauti. Akarudia.
"Jumatano ng'ombe aliumwa," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeitwa shaurini
miaka thelathini baada ya kosa.
"Nilimwambia. Hakuamini."

Ni nani, sikuuliza.
Maji yalikuwa yanachemka, nikaongeza kikombe.
Akanywa amekalia kreti, mgongo kwa mlima,
akanishikia ncha ya kamba nilipokuwa nafunga upya,
na kodi haikutajwa tena siku ile.

Akiondoka aliipapasa nailoni kwa kidole gumba.
"Mita wanauza shilingi ngapi?"
Nikamwambia elfu tano.